Mashine ya Kusamehe

Shemeji yangu Sajenti alikuwa na huruma kupita kiasi. Naanza na hilo kwa sababu waliokuja kumlaumu baadaye walimfanya aonekane mzembe, na uzembe hakuwa nao. Mzembe hapigi pasi soksi. Nimeishi nyumba moja naye na dada yangu tangu nilipoachika, chumba cha mbele kikiwa changu na cherehani yangu, wala sijawahi kumwona akiacha mlango bila komeo au kikombe bila kuoshwa. Kasoro yake ilikuwa moja: hakuweza kumwona mtu anahangaika mbele yake, akatulia.

Jeshini alikuwa mtu wa redio. Ujana wake wote aliibeba redio mgongoni, sanduku la chuma zito kama mtoto wa darasa la kwanza, ndiyo maana hata alipostaafu alitembea ameinama kidogo, kama anayetafuta sarafu iliyoanguka. Sikio la kulia lilikuwa limekwisha kwa kelele. Ukitaka akusikie, unakaa kushoto. Dada akimkasirikia alikaa kulia makusudi, akasema yote aliyokuwa nayo moyoni, akamaliza, na ndoa ikaendelea.

Hata nyumbani alizungumza kama yuko kazini. Ukimweleza jambo anakujibu "nimekupata," na kama hakukupata anasema "rudia," hata msibani. Dada husema mwanamume huyu alimposa kwa maneno machache kuliko yanayotosha kuombea chumvi.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, msichana, naye alizungumza kwa niaba ya ndugu wote ambao hakupata. Tulimwita Chiriku. Alianza asubuhi kabla hajanawa uso, akaendelea mpaka usingizi umkate katikati ya sentensi. Alipomaliza shule akatangaza kwamba anakwenda jeshini, kitengo cha redio, kama baba. Dada alilia mpaka sauti ikamkauka. Sajenti alitoka kwenda uani akajifanya anakagua bati la jikoni. Mimi nilimwona kupitia dirishani: alikuwa anacheka peke yake kwa furaha.

Wakati huo alikuwa amepata kazi katika kampuni ndogo iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Walitengeneza programu za kompyuta za kufundishia, na jeshi lilikuwa limewapa kazi ya kutengeneza redio ya kuigiza. Redio halisi zilikuwa chache na wanafunzi wengi, na kila iliyoharibiwa darasani ilikuwa imepungua kwa walio kazini. Ikaamuliwa kwamba wajifunzie kwenye kompyuta. Kwenye kioo kuna picha ya redio, na kila swichi unaizungusha kwa mausi. Kazi ya Sajenti ilikuwa kusema kama picha ile inafanana na kitu chenyewe.

Aliyeandika programu hiyo alikuwa mwanamke mmoja tuliyemwita Miwani, mama wa mapacha, asiyetaka utani kabla ya chai. Nilimshonea nguo, kwa hiyo habari nyingi za ofisini nilizipata yeye akiwa amesimama mbele yangu na pini kiunoni, hana pa kukimbilia. Walibishana kila siku na Sajenti. Ungedhani mzee ndiye aliyetaka kila kitu kiwe kama jeshini, na Miwani ndiye aliyetaka mambo rahisi. Ilikuwa kinyume.

Miwani alitaka ukweli. Alitaka kelele za hewani, betri inayokufa ghafla, watu wawili wanaobonyeza kuongea kwa pamoja kisha wote wasisikike.

"Redio yenyewe inasumbua, mzee. Na hii isumbue."

"Wewe hujaibeba, binti yangu," Sajenti alimjibu. "Mtu akikata tamaa siku ya kwanza, siku ya pili hana anachojifunza."

Mara nyingi walikutana katikati. Kelele ziliwekwa, ila za chini. Betri iliachwa ife, ila baada ya taa kuonya. Hayo hayakumdhuru mtu. Kilichotumaliza sisi ni swichi moja, na lazima niieleze, maana nimewahi kuwasikia majirani wakiisimulia ovyo.

Redio ya jeshi husema kwa siri. Ndani yake hupakiwa funguo za siri, yaani tarakimu fulani, na redio isiyo na funguo hizo haiwasikii wenzake wala haisikiki. Inabaki kutoa shii tu kama sufuria iliyokaukiwa maji. Sasa, swichi ya kuchagulia chaneli ina nafasi ya mwisho iliyoandikwa FUTA. Ukiifikisha hapo, funguo zote zinafutika. Iliwekwa kwa ajili ya siku ambayo adui yuko karibu kuitia mkononi nawe unataka akute debe tupu. Kwa hiyo hufiki hapo kwa bahati mbaya: ni lazima kwanza uivute swichi juu kwa vidole, ndipo uzungushe. Na ukishafuta, umefuta. Kifaa cha kupakia upya hukaa kwa ofisa.

Mausi haina kuvuta. Wanafunzi walizungusha, ikateleza, ikapitiliza hadi FUTA, na somo likaharibika mpaka mwalimu apite kupakia upya. Miwani alileta dawa yake: mwanafunzi ashikilie kitufe kwenye kibodi kwa mkono wa kushoto wakati anazungusha mausi kwa mkono wa kulia, iwe badala ya kule kuvuta. Dawa ilikuwa nzuri, lakini chungu. Vidole vilipishana, watu wakaitukana mashine na walioizaa. Kanali mmoja aliyekuja kukagua alishindwa, akajaribu tena, akashindwa mbele ya vijana wake, akaondoka bila kugusa chai aliyowekewa.

Chiriku alikuwa katika kozi ya kwanza kuitumia. Mwisho wa wiki moja alipewa ruhusa, akaja moja kwa moja chumbani kwangu, akajitupa kitandani juu ya vitambaa vya watu akaanza kulia.

"Mama mdogo, nitafeli. Kila nikigusa ile swichi inafuta. Mwalimu anasema, baba yako ndiye kaleta mashine, wewe unashindwaje?"

"Na redio si unaijua tangu utotoni?"

"Redio naijua! Panya yule ndiye simjui!"

Nilicheka, naye akacheka huku analia. Sajenti alikuwa amesimama mlangoni, sikio zima likiwa upande wetu. Jumatatu alimwambia Miwani aifanye ile FUTA ijirudi: mwanafunzi akipitiliza, funguo zifutike, lakini akiirudisha swichi kwenye chaneli zijipakie zenyewe baada ya muda wa kuvuta pumzi.

Miwani alinisimulia majibizano yale neno kwa neno. Alimwambia, "Mzee, huo ni uongo." Sajenti akasema, "Ni uongo wa darasani. Redio yenyewe wataishika mwishoni, watauona ukweli." Miwani akauliza, "Na wasipouona?" Sajenti akajibu kwamba kule kuna kuvuta, hakuna anayevuta bila kujua anachovuta. Mkurugenzi wa kampuni, ambaye alitaka jeshi lipokee kazi haraka, akakubaliana na mzee. Miwani akaandika alichoambiwa.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini nani angeona kilio pale? Kila mtu aliona nafuu. Wanafunzi walifaulu, kanali akarudi akazungusha swichi kwa raha zake na safari hii akanywa chai. Chiriku alimaliza wa kwanza katika kozi yake. Tulimshonea gauni la kijani kwa ajili ya sherehe, akalivaa juu ya buti za jeshi kwa kuwa viatu alivisahau kambini, akapita mtaa mzima hivyo, anasalimia kila mlango.

Mashine ile, kama kompyuta zote, ilikuwa na tabia ya kuganda. Picha inakwama, unabonyeza haiitiki. Wanafunzi, na mwanafunzi siku zote hutafuta njia ya mkato, waligundua kwamba ukiipeleka swichi kwenye FUTA kisha ukairudisha, zile funguo zinapojipakia upya picha nayo inazinduka. Wakaipa jina: kukung'uta, kama unavyokung'uta mkeka. Imeganda? Ikung'ute. Kozi moja iliifundisha kozi iliyofuata, na hakuna mwalimu aliyeikataza kwa sababu iliokoa muda. Chiriku alitusimulia mezani, akituonyesha kwa mfuniko wa chupa, krr hadi mwisho, krr kurudi. Sajenti alicheka mpaka akajifuta macho. Alisema askari ni watu wa kuvumbua.

Redio halisi walipewa mwishoni, moja ikizungushwa kwa kundi zima, kila mmoja akiigusa kidogo. Zilikuwa mezani, karibu karibu, zinasikizana vizuri, hakuna iliyoganda. Vidole vilijifunza kuvuta swichi bila shida, maana kuvuta ni jambo dogo. Kisha wakatawanywa.

Chiriku alipelekwa milimani, kwenye kikosi kilichokuwa kikisindikiza malori ya chakula. Alikuwa kwenye gari la mbele pamoja na luteni wake. Siku hiyo walifika kijijini kwa njia ya juu, na wanakijiji wakawaambia kwamba njia ya bondeni imetegwa mabomu. Lori la nyuma, lililokuwa limechelewa upande wa pili wa kilima, lilipangiwa kupita njia hiyo ya bondeni. Luteni akamwambia Chiriku, "Waambie wasishuke. Wasubiri pale pale." Chiriku akabonyeza kuongea. Redio ilikuwa imeganda. Kioo kimekwama, haiitiki. Akaivuta swichi, akaipeleka FUTA, akairudisha, akasubiri ile pumzi moja.

Funguo hazikurudi. Kifaa cha kupakia kilikuwa kwa ofisa aliyekuwa kwenye lori la nyuma.

Walikimbia kwenda kileleni wapunge mikono, yeye na wenzake, na yeye ndiye aliyetangulia kufika. Alifika kwa wakati wa kuona. Waliokuwa ndani ya lori wote walikuwa watu aliokula nao asubuhi.

Habari ilitufikia kwa simu ya luteni. Dada alipokea, akaikabidhi kwa mumewe. Sajenti aliiweka kwenye sikio bovu, akagundua, akaihamisha. Alisikiliza muda mrefu. Tulipomuuliza kama mtoto yuko hai, alisema yuko hai. Tukamshukuru Mungu kwa kelele, mimi na dada, tukakumbatiana pale sebuleni, naye akatuacha tushukuru. Alikuwa ameshaelewa tayari, maana alisimuliwa swichi ilivyozungushwa.

Chiriku alishitakiwa katika mahakama ya jeshi: kufuta funguo bila amri na kusababisha vifo. Wakili aliyepewa, luteni mwanamke mpole mwenye kikohozi, alikuja nyumbani akatueleza waziwazi. Kama ikionekana kwamba mashine ndiyo iliyomzoesha, na kwamba hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo, ataachiwa. Kama ikionekana alijua, atafungwa. Aliyeweza kuieleza mashine ile mbele ya mahakama kwa sauti ya askari ni mtu mmoja.

Mkurugenzi naye alikuja. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasema kwamba programu ina onyo kwenye ukurasa wa kwanza, limeandikwa kuwa hii si redio halisi, kwa hiyo kampuni haihusiki. Alimwomba mzee asijitwike mzigo usio wake. Nilimwambia kama amemaliza, mlango uko pale pale alipouacha. Sajenti alinitazama kwa aibu, kwa sababu hata wakati ule hakupenda mgeni aondoke vibaya.

"Nitasema ni mimi," alimwambia dada usiku ule. "Mimi ndiye niliyesema ijirudi."

"Sema," dada akasema. "Sema yote. Sema na langu, kwamba nilikuzalia mmoja."

Mahakama ilikuwa ukumbi wenye feni mbili, moja haizunguki. Chiriku aliketi mbele, nywele zimenyolewa, na muda wote ule hakufungua mdomo. Hilo lilinitisha kuliko sare na bunduki za mlangoni. Walileta kompyuta, wakaiweka mezani, na Sajenti akaombwa aonyeshe. Aliivaa miwani yake ya kusomea, akaigandisha mashine, akaipeleka swichi FUTA, akairudisha. Picha ikazinduka, taa ya kijani ikawaka. Majaji walisogea mbele kuangalia. Mmoja wao akamwomba arudie, akarudia, taa ikawaka tena. Miwani, aliyekuwa ameketi kando yangu, alinibana kidole mpaka kikauma. Tuliona sote kwamba wameelewa. Kwa muda ule mfupi mwanetu alikuwa huru.

"Nani aliamua ijirudi?" jaji mkuu akauliza.

"Mimi, afande. Wanafunzi walikuwa wanateseka."

Mwendesha mashitaka akasimama. Hakuwa mkali. Aliuliza kwa adabu, kama anayeuliza njia: "Sajenti, wewe umetumia redio hii maisha yako yote. Hukuwahi kumwambia binti yako kwamba kwenye redio halisi FUTA haiguswi?"

Alikuwa amesimama upande wa kulia. Sajenti akageuza kichwa.

"Rudia."

Nilimwomba Mungu pale pale, sijui kama ni dhambi, nikamwomba amzibe na hilo sikio la pili. Uziwi wake unajulikana na jeshi zima, upo hata kwenye faili lake la pensheni. Angesema hajasikia mpaka wachoke. Angesema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Wakili wa Chiriku alikuwa anamtazama kwa macho yanayoomba, na dada alikuwa anatikisa kichwa polepole: hapana, hapana, sema hapana.

Mwendesha mashitaka akarudia.

"Nimekupata," Sajenti akasema. Kisha akanyoosha mikono ubavuni kama kijana wa gwaride. "Nilimwambia, afande. Siku anaondoka, getini. Nilimwambia ile ya kule haisamehe. Nilimwambia asiikung'ute."

Basi. Wengine walisema alikuwa mtu mkweli, wakamsifu hata kwenye hukumu, jaji akasoma kwamba mahakama imeuona uaminifu wa shahidi. Mimi nilitaka kumpiga kiatu. Bado nataka siku nyingine. Ukweli ule ulimsaidia nani? Waliokufa hawakuamka. Nilipomuuliza hivyo nyumbani, kwa sauti ambayo shemeji hapaswi kupigiwa, alinijibu kwamba wale vijana wa lori nao walikuwa na baba zao, na baba zao walikuwa wamekaa mstari wa nyuma yetu. Hakuwa amenidanganya. Niliwaona. Sikuwaangalia usoni.

Chiriku alifungwa miaka ambayo dada yangu anaihesabu kwa umri wake mwenyewe, anajiuliza kama atafika. Mashine iliendelea na kazi. Tume ilipendekeza onyo la ukurasa wa kwanza liandikwe kwa herufi kubwa zaidi. Miwani aliondoa ile kujirudi kwa mkono wake, bila kumwuliza mtu. Wanafunzi wakalalamika, mkurugenzi akamwamuru airudishe, akakataa, akaachishwa, na aliyekuja nyuma yake akairudisha. Naambiwa kozi mpya zinafaulu vizuri.

Sajenti hakurudi ofisini. Anaamka, anapiga pasi, anakaa. Dada anampikia na hakai tena upande wa kulia kumwambia yaliyo moyoni. Nadhani yamekwisha.

Tulipopata ruhusa ya kumwona Chiriku tulikwenda sote watatu. Chumba kilikuwa na meza ndefu, sisi huku, yeye kule, askari wa kike mlangoni akiangalia saa yake. Alikuwa amekonda. Alituuliza hali zetu kwa zamu, kama mgeni. Dada alimwambia habari za majirani, moja baada ya nyingine, mpaka zikamwishia.

"Ningeweza kusema sikuwahi kukwambia," Sajenti akasema.

"Ungekuwa umesema uongo, baba."

"Ungekuwa nyumbani."

Mtoto yule ambaye zamani tulimwomba anyamaze tule, sasa tulikaa tunasubiri neno kwake.

"Nilikumbuka," akasema mwishowe. "Kule juu. Yale maneno yako nilikumbuka yote, na shati ulilovaa nilikumbuka. Lakini nilipokumbuka, mkono ulikuwa umeshazungusha."

Mkono wenyewe ulikuwa juu ya meza, mdogo, kucha zimekatwa fupi, na Sajenti alikuwa anautazama. Alijua ni nani aliyeufundisha. Sote tulijua, hata yule askari wa mlangoni, nadhani, maana muda ulipokwisha hakutuambia mara moja.